Kilomita Mia Moja Sabini na Mbili

Jumatano, 5 Februari
Siku ya themanini na nne bila mke wangu. Yuko mlimani kwa mama yake. Aliondoka nilipochelewa harusi ya mdogo wake, na keki ilikuwa kwangu.

Leo kapiga simu! Zahanati ya huko inamtaka kwa mkataba wa miaka miwili. Karatasi inaletwa Jumamosi saa kumi jioni. Kasema akiniona mlangoni saa hiyo, hasaini, tunarudi wote nyumbani. Nikichelewa tena, basi. Nimelala upande wake wa kitanda. Mto hauna tena harufu yake.

Ijumaa, 7 Februari
Bahati! Mimi ni fundi wa viti vya magari, na daktari wa meno kaniachia gari lake la umeme mpaka Jumatatu. Viti nimemaliza. Kilichobaki ni kuvijaribu, na kiti hujaribiwa kwa safari ndefu. Likijaa, gari linakwenda kilomita 310. Kwa mama mkwe ni 172. Hesabu ya mtoto!

Jirani yangu Moshi, mchukuzi wa viazi (jina kapewa na pikapu yake ya dizeli), kesho anapanda huko, kajitolea kunipa lifti. Nishuke mbele ya mama mkwe nimejaa vumbi la magunia? Nikamwambia aangalie asije akanipunguzia mwendo njiani.

Mchomeleaji wa jirani akiwa kazini, fyuzi hukatika. Hufunga saa mbili usiku. Nimelipangia gari lianze kuchaji saa hiyo hiyo. Nimeandika 2. Teknolojia!

Jumamosi, 8 Februari
Asubuhi: asilimia sitini na moja tu! Gari linasoma saa za Kizungu. 2 yake ni saa nane yangu ya usiku. Skrini inasema kilomita 189. Bado zinatosha. Suti, marashi, safari.

Jioni: Joto kama tanuri. Nikawasha kiyoyozi, kilomita ishirini zikayeyuka. Nikakizima, nikayeyuka mimi. Chini ya mlima skrini ilisema 58, na safari ilibaki 52. Nikapiga mluzi. Kona ya kwanza, 49. Ya pili, 41. Kikatokea kipicha cha kobe, gari likaanza kutambaa. Asilimia mbili. Nikaegesha, zikiwa zimebaki kilomita kumi na tisa kufika.

Moshi akatokea, akasimama, akauliza kama kuna tatizo. Nikajibu natazama mandhari. Akaniuliza mara ya pili, kwa upole. Nikamwambia ni mandhari ndefu. Akaondoka. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mungu nisamehe.

Saa kumi na mbili pikapu ikarudi. Kando ya Moshi alikuwa mke wangu, na chupa ya maji. Akaingia garini kwangu, akapapasa kiti, akasema mshono umenyooka. Alinukia sabuni ileile. Nilitaka kumshika mkono, wangu ukawa umelowa jasho. Akaniambia alinisubiri mpaka saa kumi na moja, kisha akasaini. Akanifuta uso kwa kanga yake, akarudi juu na Moshi. Nimemkosa zaidi alipokuwa karibu kuliko siku zote themanini na saba.

Jumatatu, 10 Februari
Daktari kachukua gari. Kauliza mbona linanukia marashi. Nimemwambia ni ngozi mpya, ila kiti cha nyuma kinanitia wasiwasi, alirudishe Alhamisi.

Maana nimegundua jambo! Nikiteremka juzi kutafuta pa kuchajia chini ya mlima, betri ilipanda yenyewe, kutoka mbili hadi kumi na moja. Bila chaja! Kosa langu lilikuwa kuanzia chini. Anayeanzia juu haishiwi.

Nimempigia mke wangu nikamweleza yote. Akaniuliza, kwa sauti ile ninayoipenda, kwani anayeanzia juu si ameshafika?

Nimemwambia hayo ni madogo, nitayatatua. Jumamosi saa kumi kamili nitakuwa mlangoni.