Kijana Mwenye Mgongo Mbovu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Bi. Clotilda, yule mpiga picha mkongwe wa gazeti, amefika Rusumo kufundisha waandishi vijana. Ijumaa atachagua mmoja awe msaidizi wake. Ni wa chini ya miaka ishirini na mitano tu. Mimi nina arobaini na tatu! Tangu nitoke Newala nabeba magunia hapa mpakani, na sasa mgongo unakataa. Nimejiandikisha kuwa nina ishirini na nne. Nimepaka piko nyeusi kichwa kizima kuficha mvi. Na masikio kidogo, kwa bahati mbaya.

Jumanne, 3 Juni
Nilimwamkia Bi. Clotilda shikamoo kwa sauti nyembamba. Aliitikia, lakini alinitazama mno. Balaa jingine: Clever, mtoto wa mama mwenye nyumba wangu, naye yumo darasani! Kaingia tu, kanipigia shikamoo baba mdogo, wote wakisikia. Nikajifanya natafuta kalamu chini ya benchi. Baadaye nikambembeleza. Akasema poa, kuanzia leo ataniita mwanangu, kama vijana wanavyoitana, ila nimfulie jinzi zake. Nimefua. Hana adabu hata chembe.

Alhamisi, 5 Juni
Tulitumwa kupiga picha za watu kazini. Bi. Clotilda alituonya tusimpange mtu, tusubiri. Wenzangu walikimbia huku na huku. Mimi nilikaa, magoti yaliuma. Mara dereva mmoja wa lori akaanza kunyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni, nyuma yake foleni ya malori imepotelea kilimani. Nikapiga! Bi. Clotilda alisema hilo ni jicho la mtu mzima. Nikacheka kitoto. Wanaoshindania nafasi tumebaki wawili, mimi na Diane, binti mmoja wa darasani.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwisha. Bi. Clotilda alinishika bega, akafungua mdomo kunitangaza. Hapo hapo wakapita watoto wa shule ya msingi, wakapaza shikamoo kwa Bi. Clotilda. Wala si kwangu! Nikaitikia marahaba wanangu, someni kwa bidii, wasalimieni wazazi. Kwa sauti yangu nzito yote. Mdomo ulikwenda wenyewe. Clever aligaagaa kwa kicheko, akauliza mwanangu huyu ana wajukuu wangapi. Bi. Clotilda hakucheka. Akaniuliza umri wangu wa kweli, nikautaja. Akasema mtu mzima aliyezoeana na madereva kama mimi angemtafutia nafasi, kama angeomba tu bila kuficha umri. Lakini maelezo ya picha huyaandika mpiga picha, na anayedanganya hata miaka yake, gazeti litamwaminije? Kachukuliwa Diane. Mimi nimerudi kwenye magunia.

Jumapili, 8 Juni
Mgongo umekaza kama ubao. Lakini kuna habari! Wiki ijayo Bi. Clotilda anakwenda Runazi, Biharamulo, kupiga picha za wazee. Anataka mzee wa zaidi ya miaka sabini amsaidie kazi. Atanitambua? Nitavaa kofia. Nimeshakata fimbo. Tangu asubuhi najizoeza kutetemesha mikono, na sasa imekubali vizuri sana. Kamera nitaishikaje? Hilo nitalifikiria nikifika Runazi.