Mishale ya Jumba la Mzee Gichuru

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kazi ni yangu! Mzee Gichuru amenikabidhi jumba lake lote, ghorofa zote, nichore mishale na maandishi ya kuelekeza watu. Wepukhulu hakupata kitu. Huyu Wepukhulu ana duka la kuchapisha mabango pale chini kwenye jumba, na alikuja na michoro ya kompyuta, ya rangi, imefungwa kwa plastiki. Mimi nilikuja na brashi na maneno. Maneno yakashinda. Mzee anadai alinichagua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Watu wakubwa huficha hisia zao.

Ieleweke kwamba jumba hili si mchezo. Ni nyumba tatu alizonunua moja moja, akaziunganisha kwa ngazi na vijia. Tena zimekaa kwenye mteremko, kwa hivyo ghorofa ya pili ya nyumba ya mbele ndiyo ghorofa ya chini ya nyumba ya nyuma. Watu wanapotea. Juzi mama mmoja kutoka Chepsaita alikuja kung'olewa jino, akaingia kwenye mkutano wa chama cha kununua mashamba, akachaguliwa mweka hazina.

Mzee alisema anataka kitu kimoja tu: watu waache kumbishia hodi ofisini wakiuliza choo kiko wapi. Nikamwambia atapata zaidi ya hapo. Akasema hataki zaidi ya hapo. Unyenyekevu ulioje!

Jioni nikampa mke wangu Awuor habari. Yeye ni fundi wa nguo, ana chumba chake cha kushonea humo humo jumbani, nyumba ya nyuma, juu kabisa, mwisho wa korido. Aliuliza kama siku hizi nina uhakika na kushoto na kulia. Nikaenda kuosha brashi.

Jumanne, 4 Machi

Nimelizunguka jumba. Nimegundua jambo kubwa. Njia fupi inaua biashara! Mtu akienda moja kwa moja kwa daktari wa meno, anaona nini? Ukuta. Lakini akipitishwa korido ya Awuor, anaona magauni, suti, sare za shule. Anatoka na pengo na suti mpya.

Uamuzi: mishale yote itapitia kwa Awuor. Ya daktari, ya wakili, ya sacco, ya choo. Si upendeleo. Ni mpangilio. Nimeupa jina langu: Mzunguko wa Oyugi.

Awuor sijamwambia. Nataka aone mwenyewe. Isitoshe ametangaza kwamba wiki hii mtu asimsumbue. Anashona magauni ya wasimamizi wa bibi harusi, kitambaa cha zambarau. Bibi harusi ni Marion, jirani yetu wa mtaa wa Pioneer, na harusi ni Jumamosi.

Wepukhulu alinikuta napima ukuta kwa mkono na kuweka alama za mishale kwa chaki. Akauliza kwa nini mshale wa choo cha chini unaelekea juu. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akakohoa. Wivu huanzia kifuani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza! Bluu ni ya nyumba ya mbele, kijani ya katikati. Nyumba ya nyuma ilikuwa iwe ya manjano lakini manjano iliisha, kwa hivyo nayo ni bluu. Mwenye akili ataelewa. Herufi zote nimechora kwa mkono huu. Kwenye neno WAKILI, ile I ya mwisho ilikosa nafasi ikabidi niipandishe juu ya mlango. Imependeza sana.

Mzee Gichuru alikuja kuitazama kazi yangu. Nikaona macho yake yamelowa. Alisema ni harufu ya rangi.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Tangu asubuhi korido ya Awuor imejaa watu kama siku ya soko. Kusema kweli hawanunui. Wanauliza njia. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba amepita hapo mara nyingi hadi sasa anamwita Awuor shemeji. Mama mwingine, aliyekuwa anatafuta choo, alikata tamaa akaketi juu ya kile kitambaa cha zambarau, akagoma kuondoka. Cherehani haijalia tangu saa nne.

Awuor akaniita. "Baba Lynette, ni nani amewatuma hawa watu kwangu?"

Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea tuzo. Nikasema ni mimi.

Akanirushia mkebe wa vifungo. Furaha humjia kila mtu kivyake.

Mchana nikagundua amechukua rangi yangu akaugeuza mshale wa mlangoni pake, sasa unarudisha watu walikotoka. Wanaokwenda wanakutana na wanaorudi pale kwenye kijia cha katikati, kifua kwa kifua. Tayari kuna mtu anauza njugu hapo. Ni mimi nimeanzisha soko hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi. Awuor aliwahi jumbani mapema, akamalizia magauni kabla watu hawajajaa. Wasimamizi walikuwa waje kuyavalia kwake, halafu wakimbie kanisani. Saa ikafika, hawapo. Shangazi ya Marion, Mama Nduta, akapiga simu: yuko nao, wameingia jumbani zamani, wanafuata mishale.

Awuor alinitazama. Nikajitolea kwenda kuwaleta.

Kuwapata haikuwa kazi, maana walikuwa wanalia. Niliwaambia wapanguse machozi, mwenye mishale amefika. Tukafuata mishale. Tukafika kwenye ule aliougeuza Awuor, tukageuka. Tukakutana na bluu. Sasa, bluu ya mbele au bluu ya nyuma? Mtaalamu hasiti. Nikapanda ngazi, wakanifuata, nikafungua mlango, tukapita wote, mlango ukajifunga.

Tulikuwa juu ya paa, kwenye matangi ya maji.

Mandhari ni ya ajabu! Niliwaonyesha barabara ya Turbo, lori kwa lori. Mama Nduta hakutazama. Aliuliza ni nani amenituma niharibu harusi ya mtoto wao. Halafu wote wakapiga mayowe kwa pamoja. Sauti nzuri. Nadhani wengine ni wa kwaya.

Aliyetufungulia ni Wepukhulu. Alikuwa amebandika karatasi njia nzima, HARUSI HUKU, HARUSI HUKU, herufi za mashine zisizo na roho, hadi dukani kwake, ambako Awuor alikuwa ameshashusha magauni. Wakavalia nyuma ya mashine ya mabango. Marion alikuwa nje ndani ya gari, injini inanguruma, kitambaa cha kufutia jasho mkononi. Nasikia kanisani walikuwa wameimba nyimbo zote, wakaanza kurudia. Lakini walifika, na harusi ikafungwa. Mwongozaji ni nani? Mimi niliwatoa chini hadi juu. Wepukhulu aliwashusha tu.

Gari lilipoondoka, Marion alipunga mkono. Alikuwa anampungia Wepukhulu, lakini nilisimama karibu.

Jumatatu, 10 Machi

Mzee Gichuru ameniita. Kazi ya mishale amempa Wepukhulu. Mimi nipake kuta zote rangi nyeupe. Zote! Katika Eldoret nzima hakuna msanii mwingine aliyeaminiwa na kuta nyingi hivyo.

Awuor naye ameanza tena kusema nami. Amesema kama kweli nampenda, niwaache watu wamtafute wenyewe. Maneno hayo yaliniingia. Niliketi kwenye mkebe wa rangi nikajichunguza bila kujionea huruma, na nimeliona kosa langu. Ni moja tu. Nilianzia ndani! Mtu akifika mlangoni tayari amechelewa. Anapotea tangu barabarani.

Kwa hivyo kabla ya chai nimechora mshale kwenye ukuta wa kona, pale barabara kubwa inapokatiza uchochoro wetu. Mwekundu. Mrefu kuliko mimi.

Haujakauka, na tayari lori la mahindi limeufuata. Dereva alidhani barabara imefungwa. Limekwama uchochoroni, pua imeingia mlangoni kwa Mzee Gichuru, na nyuma yake honi zinalia hadi sioni mwisho wa foleni. Lori zima, kwa mshale mmoja! Nani mwingine amewahi kumletea Awuor mgeni mkubwa hivi?

Dereva ameshuka. Anauliza kwa sauti ni nani aliyechora. Nashuka ngazi haraka nimtajie jina langu kamili, asije akadhani ni Wepukhulu.