Kura ya Ijumaa

Protas Barasa alikuwa na vipaji viwili, na kuendesha gari kilikuwa cha pili. Cha kwanza kilikuwa kuona mlango pale ambapo wenzake waliona ukuta. Ndiyo maana mchana ule, akiwa ameegesha gari la familia nje ya saluni moja mtaa wa Al-Safa, Jeddah, akimsubiri madam wake ambaye akiingia saluni hutoka siku yake, alisoma tangazo kwenye simu mara moja tu na kuanza kutabasamu.

Tangazo lilitoka kwa Mwalimu Timothy, msimamizi wa uchaguzi wa Umoja wa Wakenya. Wanachama wa Jeddah na Riyadh walitakiwa kumchagua mwenyekiti mpya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, katika ukumbi wa hoteli moja hapo Jeddah. Kipengele cha saba kilisema kwamba mwanachama asiyeweza kufika anaweza kujaza fomu ya idhini, na yule aliyetajwa kwenye fomu atampigia kura.

"Asiyeweza kufika," Protas akarudia, kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi.

Na nani katika mji huo asingeweza kufika siku ya Ijumaa? Aliwajua mmoja mmoja. Wasichana wa kazi za nyumbani wa Al-Safa na Aziziya, ambao Ijumaa yao ni ya kupikia wali watoto na wajukuu wote wa nyumba, kisha kuosha sinia ambazo mtu anaweza kuogelea ndani yake. Karibu mia moja, wanachama halali, kila mmoja na kura yake imekaa bure. Protas aliona ni dhambi kitu kizuri namna hiyo kupotea, akampigia Hezron.

Hezron aliishi Riyadh. Alikuwa na ofisi ya kuleta wafanyakazi, viatu vinavyong'aa, na hamu kubwa ya kuwa mwenyekiti. Hamu hiyo ilikuwa na sababu. Kila barua ya malalamiko ya mfanyakazi ilipita kwa mwenyekiti, ikagongwa muhuri, ndipo ikapelekwa ubalozini. Nusu ya barua za mwaka huo ziliilalamikia ofisi ya Hezron, na yeye alitamani kuzisoma kwanza, taratibu, ikiwezekana kwa miaka minne.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Protas alianza.

"Bado sijakuwa."

"Hiyo ni kalenda tu, bosi. Mimi naongea na mwenyekiti. Nina kura themanini na tatu hapa Jeddah, zimelala. Nataka kuziamsha."

"Unataka nini?"

"Unga. Ule wa kwetu, wa ugali. Pakiti mbili kwa kila mtu. Na kile kiti cha meneja hapo ofisini kwako, kile kinazunguka."

Hezron akamfikiria mpinzani wake, Wambui, nesi mpole asiyejua hata kutengeneza bango. Akakubali. Wiki moja baadaye unga ulifika kwa lori kutoka Riyadh. Ulitoka pakiti mbili kwa kila mtu na kufika pakiti moja kwa kila mtu, jambo ambalo Protas alilieleza kuwa ni urefu wa barabara.

Sasa, mfanyakazi wa ndani hukutana na dunia mahali pamoja: kwenye pipa la takataka la mtaa. Anatoka na mfuko, anakaa dakika tatu, anapewa habari za mtaa mzima, anarudi ndani. Protas alizijua saa za mapipa yote. Alifika na shati jeupe, ubao wa kuandikia mkononi na pakiti za unga kwenye buti la gari.

"Siste, nimekuletea nyumbani," alimwambia Rispah, mpishi wa nyumba moja huko Aziziya.

Rispah aliikamata ile pakiti, akainusa. Miaka mitatu alikuwa anasonga ugali wa semolina na kujidanganya. Macho yakamlowa, na hakuona haya.

"Bure?"

"Bure kabisa. Saini tu hapa, tujue umepokea."

"Tangu lini unga ukasainiwa?"

"Tangu wezi waanze kuingia kwenye misaada," Protas alisema kwa huzuni ya kweli. Sehemu ya juu ya fomu ilikuwa imefunikwa vizuri na orodha ya majina. Rispah akasaini. Usiku akala ugali hadi akalegea, na asubuhi akampigia Mwalimu Timothy kuuliza kama kuna njia yoyote ya kupiga kura bila kufika ukumbini.

"Lakini wewe ushapiga, mama," alisema Mwalimu. "Nimeletewa orodha ya waliotoa idhini. Jina lako ni la nane. Umempa Protas Barasa."

Rispah alikaa chini juu ya gunia la vitunguu. Hasira yake haikuwa ya unga. Binamu yake Fridah alikuwa Riyadh, mkataba umekwisha miezi minane, na ofisi iliyomleta inamzungusha: leo tikiti haijatoka, kesho kafili, yaani mwajiri wake, amesafiri. Ofisi yenyewe ilikuwa ya Hezron. Fridah alishaandika barua, nayo ilikuwa kwenye faili inamsubiri mwenyekiti mpya. Hezron akishinda, barua ya kumshtaki Hezron ingetua mezani kwa Hezron. Mtoto wa Fridah nyumbani alikuwa ameanza kumwita bibi yake mama.

"Mwalimu," alisema polepole, "hiyo saini nilidanganywa. Nifanye nini?"

"Kanuni iko wazi. Ukija mwenyewe na ikama yako, kile kibali cha ukaazi, mkononi, idhini inakufa. Usipokuja, inaishi."

Halas, basi. Kuja mwenyewe, siku ya Ijumaa.

Kiarabu cha Rispah kilikuwa cha jikoni. Alijua vitunguu, pasi, haraka, na majina ya samaki saba. Neno la uchaguzi hakuwahi kulihitaji kati ya jiko na sinki. Kwa hiyo alipomfuata madam wake akinywa kahawa, alisema alivyoweza, kwa kuchanganya.

"Madam. Juma'a, ana, mimi, kura."

Madam akashusha kikombe. "Kura? Inti? Wewe?"

"Kura, madam. Muhimu sana."

Madam akacheka hadi kahawa ikamwagika, akamwita binti yake, na binti akaja mbio na skafu ya timu, akamvisha Rispah shingoni na kumbusu. Rispah alisimama pale kama mtu aliyepewa shahada asiyoisomea. Ndipo akakumbuka vijana wa nyumba hiyo na kelele zao mbele ya televisheni. Kwa Waarabu, kura ni mpira. Na Ijumaa hiyo, saa kumi na mbili jioni, kulikuwa na mechi kubwa mjini.

"Yalla, ruhi, nenda," alisema madam, akipangusa machozi. "Wali atapika mke wa mwanangu. Ajifunze."

Hapa wapo watakaosema Rispah alidanganya. Hakudanganya. Alisema anaenda kwenye kura, na alikuwa anaenda kwenye kura. Kama neno lilitoka kinywani likiwa na heshima zake na kufika upande wa pili limevaa jezi, hayo ni mambo ya lugha, na lugha haina ikama.

Jioni hiyo, simu zote za Aziziya na Al-Safa zilipokea sauti yake: "Wasichana, ile saini ya unga ilikuwa kura zenu. Protas anataka kuzipeleka kwa Hezron. Kila mtu amwambie madam wake neno moja tu, kura. Msiongeze. Akiuliza timu gani, sema ile ya hapo nyumbani. Na mbebe ikama."

Ijumaa saa tisa Protas alikuwa amevaa tai. Fomu themanini na tatu zilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya dashibodi, na kwa madam alishasema anapeleka gari kubadilisha oili. Madam akatokea mlangoni.

"Protas. Oili kesho. Leo mpeleke Stacy kura."

Moyo wa Protas ulisimama, ukafikiria, ukaendelea. Alikuwa anakijua Kiarabu vizuri. Ni mpira tu. Akamtazama Stacy, msichana wa kazi wa nyumba hiyo, akitoka na skafu shingoni, na nyuma yake wasichana sita wa majirani, wote na skafu, wote wanatabasamu tabasamu moja. Moyo ukasimama tena.

Barabarani alijaribu kuwa mtulivu.

"Kwa hiyo mnapenda mpira siku hizi."

"Sana," alisema Stacy.

"Vizuri. Uwanja uko upande huu."

"Tupeleke tu. Lakini hatushuki."

"Stacy, madam amesema kura. Kura ya madam inachezewa uwanjani."

"Na yako inachezewa wapi, Protas? Mbona umevaa tai?"

Protas akaigusa tai. Saa ya gari ilisema tisa na nusu. Akikaa uwanjani na wanawake saba wasioshuka, fomu zake zote zingekufa ndani ya dashibodi. Akienda nao ukumbini, atapoteza saba, abaki na sabini na sita. Ni hesabu ambayo hata mtoto angeifanya. Akakata kona kuelekea hotelini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajipongeza.

Pongezi zilimtoka alipofika. Mbele ya hoteli kulikuwa na foleni ya magari ya familia, na kila gari lilikuwa linashusha wanawake wenye skafu. Kulikuwa na skafu za timu mbili mahasimu zimeshikana mikono. Mmoja alikuwa na bendera. Mmoja alikuwa amechorwa rangi mashavuni na watoto wa bosi wake, akakosa muda wa kunawa, akapanga mstari hivyo hivyo na ikama yake mkononi.

Mwalimu Timothy alikaa mezani na miwani puani. Kila mwanamke alipotoa ikama, Mwalimu alimgeukia Protas, akanyoosha mkono, akapokea fomu, akaichana vipande viwili bila chuki.

"Kipengele cha saba," alisema kila mara.

"Ule unga ulikuwa mtamu, Protas," Rispah alimwambia alipofika zamu yake. "Asante. Wewe ulikula lini mara ya mwisho?"

"Siste, tunaweza kuongea."

"Tutaongea kwenye gari. Nasikia unarudisha watu."

Mstari ulipokwisha, fomu kumi na mbili zilikuwa zimesalia, za wale ambao madam zao hawakupenda mpira. Mwalimu, mtu wa kanuni hata inapomuuma, akamruhusu Protas azipigie. Hezron alikaa mstari wa mbele, ameshuka kwenye ndege kutoka Riyadh na hotuba ya kurasa nne mfukoni, akimtazama Protas kwa macho ya mtu aliyelipia biriani akaletewa sahani.

Kura zikahesabiwa, pamoja na za wanachama wengine waliokuwa ukumbini. Wambui, mia moja na tano. Hezron, kumi na tatu.

Hezron akahesabu kwa vidole. Kumi na mbili za fomu. Moja yake mwenyewe. Akahesabu tena: ya Protas haikuwemo. Kisha akageuka pole pole kumtafuta Protas, ambaye alikuwa ameshasogea karibu na mlango, akiangalia dari kwa makini. Kwa upande wa Protas, alipoingia kwenye kile kibanda cha kupigia kura aliwaza wanawake sabini na mmoja atakaokutana nao kwenye mapipa maisha yake yote, na mkono ukajiendea wenyewe. Kile kiti kinachozunguka kilipotelea hapo.

Wambui hakuwa na hotuba. Aliomba faili, akatoa barua ya Fridah, akaigonga muhuri mbele ya ukumbi wote, akamgeukia Hezron.

"Ndugu, kabla sijaipeleka ubalozini. Tikiti yake ni lini?"

Hezron aliangalia skafu zilizomzunguka. Wanawake hao walikuwa wamezoea kusubiri.

"Jumanne," alisema.

"Andika."

Akaandika, akasaini, na safari hii saini ilisomwa na watu wote. Rispah alimpigia Fridah hapo hapo. Upande wa Riyadh sauti ndogo ikauliza, "Dada, hii ni kweli ama mnanicheka?" Rispah akalia mbele ya watu, skafu ikafanya kazi ya leso.

"Nyumbani nimepiga kura mara tatu," alimwambia Wambui alipopata pumzi. "Sijawahi kuiona ikifanya kazi siku hiyo hiyo."

Wakati wa kurudi gari lilijaa kupita kiasi, Rispah akiwa mbele kama bosi. Simu ya Protas ikaita kwenye spika za gari. Alikuwa madam wake, mama ambaye hakuwahi kutazama mpira maishani lakini alikuwa na adabu ya kuuliza.

"Protas, kura ilikuwaje?"

"Nzuri, madam."

"Ngapi kwa ngapi?"

Protas alikuwa amechoka. Hakuwa na uongo mwingine karibu, akasema ukweli.

"Mia moja na tano kwa kumi na tatu."

Nyuma, Stacy akauma skafu yake.

"Protas," madam aliuliza mwishowe, kwa masikitiko, "kipa mafi? Hakuwepo kabisa?"

"Alikuwepo, madam," Protas alisema, akiwasha taa ya kukata kona kuingia Aziziya. "Ndiye anawarudisha nyumbani."