Jiwe la Mlingoti na Kiti cha Siora Menega

Alhamisi, 18 Mei 1634. Dolo, kwenye milango ya maji

Nimekula peke yangu tena, ndani ya tishari langu. Siku ya kumi na tisa mfululizo. Nahesabu kwa sababu hakuna wa kunikatiza.

Lakini kumekucha! Siora Menega, mjane mwenye jiko hapa Dolo, ametangaza kwamba Alhamisi ijayo, Sikukuu ya Kupaa, atachoma bata bukini. Na kile kiti cha marehemu mumewe, kilichogeuziwa ukutani miaka miwili, atakigeuza. Mgeni mmoja tu! Moyo ukaniruka kama chura.

Wa Anzolo nao ukaruka. Anzolo ndiye muuza dawa wetu, msomi wa kitabu kimoja na nusu. Papo hapo, mbele ya masufuria, tukauanza ule ubishi wetu wa mwezi mzima. Mimi: jiwe likidondoshwa kutoka juu ya mlingoti wa chombo kinachokwenda, litaangukia shinani mwa mlingoti, sawasawa na chombo kilichosimama, maana jiwe nalo lilikuwa safarini. Haya nimeyapata kwa wanafunzi wa Padova niliowabeba, nao waliyapata kwa yule mzee wa hesabu ambaye sasa Kanisa limemfungia nyumbani kwake. Anzolo: upuuzi! Jiwe likiachiwa, chombo kinalikimbia, litaanguka nyuma. Wagiriki walishasema. Nikamuuliza hao Wagiriki walipanda tishari la nani. Akaniita kasuku wa kinamasi.

Siora Menega akapiga meza kwa mwiko. Eti tumemtoboa masikio. Tufanye mbele ya macho yake, Jumatatu. Mwenye ukweli akalie kiti. Mwenzake afunge domo mpaka Krismasi.

Ijumaa, 19 Mei

Nimejaribu! Nilikuwa peke yangu na Toni anayeongoza farasi wa kutukokota, na Toni huongea na farasi tu. Maji yametulia kama mafuta, farasi mwendo mmoja. Nikapanda mlingoti, nikaachia jiwe. Pa! Shinani kabisa. Mara saba!

Nikajipigia makofi. Nikajiita bingwa, kwa sauti. Kisha nikatazama huku na huku nipate wa kumwambia. Miti ya ukingoni ilikuwa inarudi nyuma mmoja mmoja, kama wageni wanaoaga.

Jumapili, 21 Mei

Ukweli ninao. Lakini mimi ni mtu wa dunia, nimefika bandari za mbali, Zara na Candia, najua ukweli bila mapambo ni samaki bila siki. Kwa hiyo jiwe nitaliachia mbele ya jiko lenyewe, Dolo nzima ishuhudie. Nimempa farasi shayiri mara tatu leo, pale pale mlangoni kwa Siora Menega, ili apapende mahali hapo na kesho apite kwa madaha. Akili hiyo!

Siora akauliza mbona farasi anakula vizuri kuliko mimi. Nikamwambia nina moyo mkubwa. Anzolo akaja kunikejeli na tumbo tupu, nikamkatia mkate. Hasidi naye ana njaa.

Jumatatu, 22 Mei

Aibu. Aibu yenye siki.

Siora Menega alipanda na gauni lake la kanisani, akaketi mbele ya mlingoti, chungu cha mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ya siki mapajani, zawadi ya dada yake. Anzolo akakaa nyuma na kuchora duara la mkaa pale ambapo Wagiriki walitaka jiwe lianguke. Mimi juu, jiwe mkononi. Jiko likatokea. Umati! Nikaufungua mkono.

Sekunde hiyo hiyo farasi akauona mlango wake wa shayiri. Akakata kona! Kamba ikavuta, tishari likagonga nguzo za ukingoni, likasimama. Jiwe halikusimama. Lilikuwa safarini, likaendelea na safari: hatua nzima mbele, mpaka ndani ya chungu. Mimi nikabaki nikining'inia kama soseji.

Anzolo akapiga kelele kwamba ameshinda. Nikamuuliza, bwana wee, hiyo ndiyo nyuma? Siora, mkunga begani, akasema sote tumeshindwa, na jiwe lina akili kutuzidi.

Jumatano, 24 Mei

Nimempelekea chungu kipya. Akakipokea. Akasema kile cha zamani kilikuwa na ufa tangu enzi za marehemu. Kisha, bila kunitazama: kesho, kengele ya adhuhuri, nije. Kiti ni changu. Ila nikitaja jiwe, atanirudisha mtoni kwa mwiko. Eti amechoka kula huku anatazama ukuta.

Nimefua shati. Nimeimba! Lakini najiuliza: nikikalie kiti kama mtu aliyesamehewa, au kama mtu aliyeshinda?

Alhamisi, 25 Mei. Kupaa

Asubuhi ilikuwa ndefu. Nikamwomba Toni atukokote kidogo tu, jiwe lianguke sawasawa mara kumi, niende mezani kifua mbele. Likaanguka mara kumi. Nikaona ishirini ni heshima zaidi. Mara thelathini na moja, bila kosa! Kengele za adhuhuri zikalia. Nikawaza, leo Dolo wana kengele tamu.

Hazikuwa za Dolo. Zilikuwa za Mira, mji wa mbele mtoni!

Farasi akagoma kurudi. Nikatembea, shati likalowa jasho. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Moshi wa bukini bado ulikuwa unanukia uani.

Ijumaa, 26 Mei

Anzolo amekuja. Hakucheka. Jana alikwenda kujaribu bahati, Siora akamketisha kwenye kigoda cha jikoni na bakuli lake. Kiti hakumpa. Kilielekezwa mlangoni, sahani mbele yake, mpaka mafuta ya bukini yakaganda. Kisha Siora akakigeuzia ukutani.

Akaniuliza kwa upole: Bortolo, ndugu yangu, ulikwenda wapi?

Nikamwambia hilo ni swali la mtu asiyesoma. Mimi nilikuwa nimekaa mlingotini, sikubanduka. Dolo ndiyo iliyorudi nyuma, na jiko, na kiti, na Siora mwenyewe. Akavaa kofia, akaenda.

Maskini mama wa watu, atakuwa anadhani nilimkimbia! Jumapili nakwenda kumweleza, taratibu, kwa mfano. Jiwe nimeshachagua. Kubwa zaidi.