Skrini kwa Habaryar, Kadi kwa Isacko

Jumatatu, 1 Februari 1999

Naogopa. Naandika hivyo mapema ili baadaye nisijidanganye.

Abti Jelle, kaka yake mama, ameuza ngamia tasa na kuniachia pesa zote mkononi. Anataka mashine ya ofisi. Ichape barua, iweke orodha ya mifugo anayopeleka Nairobi. Mimi ndiye karani wake hapa Wajir, kwa hiyo kuitafuta ni kazi yangu. Atakuja kutoka Diff, kule mpakani, baada ya wiki tatu. Asipoikuta inafanya kazi, akasema, nitakwenda Diff kuchunga ngamia, maana nitakuwa nimempunguzia mmoja bure.

Nina miaka ishirini na sita. Nikiwa na saba ngamia aliniuma begani, na mpaka leo nikimsikia mmoja ananguruma sokoni mimi huvuka barabara.

Lakini nina mpango. Sinunui mashine ya barua. Nanunua vipande, naunda mashine ya michezo. Magari yanashindana kwenye skrini, vijana wanalipa, kabla ya Ramadhani ijayo mimi ni bwana wa nafsi yangu na Diff ni ya wengine. Barua za Abti nitaziandika kwa mkono, kwa herufi zilizonyooka sana. Hajui tofauti ya kadi ya picha na kadi ya kura.

Jumatano, 3 Februari

Kwa Nunow, fundi redio. Binamu yake yuko Eastleigh, anapata vipande vya kompyuta vilivyotumika. Nilikwenda na orodha niliyonakili kutoka gazeti kuukuu.

Prosesa: Pentium 200 au 166? Nikachukua 166, tofauti nikaihamishia kwenye kadi ya picha. Kadi ya picha ndiyo roho ya mashine. Bila hiyo gari linakuwa sanduku na barabara inakuwa ukuta. Memori: Nunow akasema megabaiti kumi na sita zinatosha. Nikataka thelathini na mbili, kwa sababu Gelle ana kumi na sita. Gelle ana chumba cha video nyuma ya soko, ana jenereta, na sasa ana kompyuta. Tangu shule ya msingi amenishinda kila kitu isipokuwa mwandiko.

Kadi ya sauti ilinichukua nusu saa. Mchezo bila sauti ni chai bila sukari. Lakini sauti ina miguu, inaweza kumfikia Abti. Nikanunua kadi ya sauti na kuacha spika. Nunow akanitazama. Akauliza printa iko wapi. Nikasema printa inakula pesa ya kadi ya picha. Akauliza tena kama Abti anajua. Nikamwambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akasema hicho kicheko bado hajakisikia.

Jumapili, 7 Februari

Vipande vimefika na lori la sukari. Vyote vizima. Skrini ni ya inchi kumi na nne na ilikuwa ya ofisi ya bima. Hata ikizimwa unaona kivuli cha maneno ya bima kwenye kioo. Nimeyazoea kwa saa moja.

Balaa ni kwamba Gelle alikuwa pale lori likishushwa. Akauliza nimebeba nini. Nikasema dawa ya mbuzi. Akaiangalia jostiki, ile fimbo ya kuchezea, imechungulia nje ya katoni. Akasema mbuzi wa siku hizi wameendelea. Akacheka akaenda zake, na njia aliyoshika ni ile ya stendi ya magari ya Diff.

Ama atamtumia Abti habari, ama atakuja kuniibia. Nikikaa na kitu chote chumbani nimekwisha. Nimefunga mlango, nimeufungua kuhakikisha umefungwa, nimeufunga tena.

Jumatatu, 8 Februari

Nimepata! Sijui kwa nini sikufikiria jana.

Babu zetu hawakuweka mifugo yote boma moja. Mmoja kwa shemeji, wawili kwa rafiki, watatu kwa binamu wa mbali. Ukame ukipiga huku, kule umebaki na kitu. Wezi wakija, wanapata robo. Basi na mimi nimegawa kompyuta.

Skrini nimeipeleka kwa Habaryar Hinda, mdogo wake mama. Kasha lenye bodi na prosesa liko kwa binamu yangu Anab, mwalimu, ambaye nyumba yake ina kufuli mbili. Diski kuu, memori na CD ya mchezo viko kwa Nunow. Kadi ya picha nimempa Isacko, rafiki yangu Mborana tuliyesoma naye, mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua. Kwangu imebaki kibodi na jostiki.

Kila mmoja nilimkabidhi kwa adabu, mbele ya mashahidi, kwa maneno yanayosemwa mtu akimpa mwenzake ngamia wa kukamua: kaa naye, maziwa ni yako mpaka nije. Ulimi uliyatamka wenyewe. Ndivyo nilivyolelewa. Leo nimekula vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 11 Februari

Abti amebadilisha siku. Anakuja Jumapili hii, saa nne asubuhi. Dereva aliyeleta ujumbe amesema mzee ana haraka na hana tabasamu.

Nilikimbia kwa Habaryar Hinda. Skrini iko sebuleni, juu yake kitambaa cha maua, juu ya kitambaa chupa ya chai. Nikaiomba. Akaniambia nikae chini. Akaniuliza tangu lini mtu anampokonya mwenzake mnyama wa maziwa katikati ya kiangazi. Nikasema Habaryar, hii ni skrini. Akasema maneno niliyosema niliyasema, Zeinab jirani ni shahidi. Amekaa nayo siku tatu, ameifuta vumbi, ameikinga na watoto, na picha hata moja hajaiona. Akishaona picha atairudisha. Kabla ya hapo haiendi.

Nikaenda kwa Anab. Anab amesoma, nikajua ataelewa. Alielewa vizuri sana. Alisema kasha lilale hapo mpaka naye apate haki yake, yaani aandike mitihani ya darasa la sita juu ya mashine. Nunow naye, ambaye nilidhani ni mtu wa biashara, akasema mkataba ni mkataba. Anataka mbio tatu za magari, na amechagua gari jekundu.

Kwa hiyo hakuna atakayetoa kipande mpaka mashine itoe maziwa, na mashine haitoi maziwa mpaka kila mtu atoe kipande. Nimelichora jambo hili kwenye karatasi. Halina mlango.

Isacko hayupo nyumbani. Majirani wamesema amefuata ngamia zake Eldas. Na kadi ya picha? Amekwenda nayo, asingeacha amana ya watu katika nyumba tupu.

Ijumaa, 12 Februari

Baada ya swala nimewaomba wote kwa unyonge. Habaryar ndiye aliyetoa suluhisho, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Kila mtu aje na kipande chake nyumbani kwa Habaryar Jumapili, akae nacho mkononi mpaka kiunganishwe. Hakuna atakayekuwa amerudisha kitu.

Ila umeme wa mji wiki hii unakuja jioni tu. Mwenye jenereta ni Gelle. Nilimwendea kichwa chini. Akakubali haraka mno. Sharti lake ni acheze wa kwanza. Nilitamani kulia, nikasema sawa.

Jumamosi, 13 Februari

Eldas kwa pikapu, asubuhi. Njia nzima nilikuwa naomba tupate pancha tusifike, halafu naomba tufike.

Isacko alinipokea vizuri, akanipa chai. Nikauliza kadi. Akasema iko salama, ndani ya chombo cha maziwa kisichotumika, kikavu, kimefukizwa moshi vizuri, kimefungwa mfuniko. Na chombo? Akaonyesha kwa kidevu. Kilikuwa kinaning'inia kwenye mzigo mgongoni mwa ngamia dume, katikati ya ngamia wengine thelathini.

Nikamwomba anichukulie. Alikuwa anamshika ndama anayetibiwa. Akasema niende tu, yule ni mpole.

Siandiki yote. Nilisoma kila sura ninayoijua na nyingine nikazichanganya, Mungu anisamehe. Yule dume aligeuza shingo akaninusa bega, bega lile lile, nikasimama pale nimefumba macho kwa muda ambao Isacko anasema ulitosha kuchemsha chai nyingine. Nilitoka na chombo kifuani. Kadi ni nzima lakini inanuka moshi. Isacko amerudi nami, maana hata yeye hajapata maziwa yake.

Jumapili, 14 Februari

Sebule ya Habaryar. Watu sita: watano na vipande pajani, na Gelle na waya wa jenereta yake. Nunow akaunganisha huku kila mmoja akiwa ameweka mkono juu ya chake. Jenereta ikanguruma nje. Skrini ikawaka. Kwanza bima, kisha magari. Wallahi yalikuwa mazuri. Gelle akashika jostiki, Habaryar akamwambia akate kona, na hapo ndipo Abti Jelle alipoingia, saa nzima mapema.

Alisimama mlangoni. Akaliangalia lile gari. Akauliza hiyo ni barua ya nani. Nilitazama dirisha nikapima kama napita. Akauliza mwenye mashine ni nani. Watu sita tukajibu pamoja.

Akakaa. Akataka kujua mashine moja imeingiaje mikononi mwa watu sita. Habaryar akamweleza yote, tangu katoni mpaka maneno niliyosema, na mashahidi akawataja. Mimi nilikuwa nasubiri bakora.

Abti akaniangalia kama mtu aliyeniona leo mara ya kwanza. Akasema ana miaka sitini na mbili na hajaona kijana wa mjini anayejua kugawa mali namna hiyo. Babu yangu angelia kwa furaha. Mashine ikae hapa, Anab aisimamie na kuandika orodha ya mifugo, kila mwenye haki apate haki yake. Nikaanza kutabasamu. Gelle aliacha kucheka.

Kisha Abti akaniwekea mkono begani. Akasema mtu mwenye akili hiyo ya ufugaji anaozea ukarani. Nijiandae, kesho asubuhi tunakwenda Diff, ananikabidhi ngamia arobaini na mmoja. Watu wote wakasema mashallah. Gelle alisema ya kwake kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumanne, 23 Februari

Diff. Siku nne za kwanza sikulala wala sikukaa. Wananifuata. Wanajua.

Lakini leo natulia, naandika nikiwa kibarazani kwa mwenye duka, na hakuna ngamia hata mmoja karibu. Nimewagawa. Kumi na wawili kwa mjane Bishara, tisa kwa kaka yake, kumi na wawili kwa familia moja iliyokuwa inapita, na wanane kwa Yarow, ambaye amevuka mpaka nao kufuata majani. Nimewakabidhi kwa adabu, mbele ya mashahidi, maneno yote kama yanavyosemwa. Watu wamefurahi sana.

Sasa nina muda. Nimemwandikia Nunow aulizie bei ya Pentium 200 na safari hii spika pia, kwa kuwa huku hakuna wa kusikia. Abti anakuja Ijumaa kuwaona ngamia zake. Hakuna wasiwasi. Nitawakusanya Alhamisi.