Risasi Zangu, Dubu na Sufuria ya Wanjala

Jumamosi, 6 Septemba

Ijumaa ijayo sisi wanaume wa kanisa tunakwenda kambini, misitu ya kaskazini ya huku ughaibuni. Mwaka jana mwenzetu Wanjala alimfukuza dubu kwa kugonga sufuria, na tangu hapo kisa hicho kinasimuliwa kila Jumapili. Nimechoka nacho. Mwaka huu nina bastola, na risasi nitazijaza mwenyewe. Mashine ya kujazia nimenunua mtaa wa Apple Valley kwa Lois, bibi mjane aliyejaza risasi na marehemu mumewe miaka arobaini. Akanionya: simu izimwe, na kila ganda nilimulike kwa tochi nione baruti kabla ya kulifunga. Nikamjibu kwamba kazini kwangu, nyumba ya kutunzia wazee, mimi hugawia wazee thelathini dawa kila asubuhi na sijakosea.

Njeri, mke wangu, anataka nirudi na mikono yote miwili, maana ndiyo inayotulisha. Hofu zake hizo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimejifungia besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Kazi tamu! Baruti, kichwa cha risasi, kandamiza. Nilikuwa katikati ya trei ya maganda, maombi ya kanisa ya pamoja kwa simu yakaanza. Sikuizima. Wanjala angesema nimepoa kiroho. Nikapewa zamu ya kuomba. Nikafumba macho, nikainua mikono, nikaomba dakika kumi na nane, wenye kiburi nikiwaombea bila kumtaja Wanjala. Kufumbua macho, sikumbuki nilifika ganda gani. Tochi iko juu kwa Njeri. Nikakisia.

Alhamisi, 11 Septemba

Lois kapiga simu kuuliza kama nilimulika. Nimesema ndiyo. Akataka nimpelekee risasi azione. Nimesema nina zamu kazini. Sina.

Jumamosi, 13 Septemba

Nipo hai. Tulikuwa tunachoma mbuzi asubuhi, dubu akatokea upande wa moshi. Nikawaamuru wote wakae nyuma yangu. Nikafyatua. Ko! Kama kabati linalofungwa. Dubu akanitazama. Nilikuwa nafyatua ya pili Wanjala akanidaka mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Lenny, wacha. Hiyo imekwama ndani, usi-shoot tena." Kisha akachukua sufuria, akaigonga. Dubu akaondoka, na paja letu la mbuzi mdomoni.

Nimemchukia Wanjala njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 15 Septemba

Lois ameikagua bastola. Risasi ya kwanza haikuwa na baruti hata chembe, ndiyo maana ilisukumwa na fataki ya kitakoni tu, ikakwama mtutuni. Ya pili ilikuwa na baruti mara mbili. Ningeifyatua, alisema, mkono ungebaki msituni. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba yake nikalia kwa furaha. Nikampigia Wanjala, nikamshukuru kwa moyo wote. Njeri akanihesabu vidole, akahesabu tena, ndipo akaninunia. Sijawahi kununiwa nikaona raha hivi.

Jumamosi, 20 Septemba

Lois anashauri mwakani ninunue dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu, ile ya kopo la dukani. La dukani? Hao wanajua nini kuhusu pilipili? Nimesaga kilo mbili kwenye blenda ya Njeri, nikajaza chupa ya kunyunyizia maua. Nimeijaribu besimenti, madirisha nimefunga Wanjala asije akaiga. Naandika kwa jicho moja. Njeri yuko mlangoni, anakohoa na kuuliza kuna nini. Nimemwambia avumilie kidogo, ndiyo kwanza najaza chupa ya pili.