Kona Iliyo Mbele ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Habari kubwa. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Viktoria, amepita nyumba kwa nyumba. Anasema Arua imekuwa jiji na barabara yetu bado haina jina. Mwenye jina alilete Jumamosi pamoja na historia yake. Wakazi watachagua.

Historia! Nani anayo kama si mimi, Latifu, mjukuu wa Sajini Muzamili? Babu ndiye wa kwanza kujenga hapa. Vitani alikwenda, nishani alipata. Nishani yenyewe sijaiona. Hewa pia sijaiona, na ninaivuta.

Nimemwambia mke wangu Jalia kwamba karibu ataishi Barabara ya Sajini Muzamili. Akauliza kama hiyo itakuwa na maji ya bomba. Hana jicho la historia.

Jumanne, 6 Agosti

Mindra ameniwahi. Ni jirani yangu, mwenye mashine ya kusaga mihogo. Ameshachonga kibao: BARABARA YA MINDRA, rangi nyekundu, kimeegemezwa ukutani kwa mashine. Nikamweleza kwamba barabara hupewa jina la marehemu. Akajibu kwamba yeye hana haraka, na kibao hakiozi.

Nahitaji ushahidi. Ninao: kona. Barabara yetu inatoka kwenye lami imenyooka vizuri, ikifika mbele ya nyumba yetu inakwepa ghafla kama mtu aliyeona nyoka. Hakuna ajuaye kwa nini. Mimi nimejua leo, nikinywa chai. Ni ngome! Babu aliipinda ili adui asiuone msikiti wa mtaa.

Jumatano, 7 Agosti

Nimechimba kwenye kona. Nimepata chuma chenye kutu, kizito. Mguu wa mzinga, bila shaka. Nikauosha, nikaulaza juu ya kitambaa cheupe cha Jalia, nikaita majirani.

Santa akaja, yule jirani kutoka Sudan Kusini anayekaanga samaki. Akaugeuza, akanishukuru sana, akaondoka nao. Ni mguu wa sigiri yake, jiko lake la mkaa. Ameutafuta tangu Krismasi.

Mindra alicheka mpaka akaegemea kibao chake. Rangi ilikuwa bado mbichi. Mungu yupo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda mji wa Koboko, kwa Shangazi Kaltumu, dada mkubwa wa marehemu baba. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya waliokulia kwenye barabara yetu. Nilimkuta anawamwagia kuku mtama. Nikamwambia watu wa Arua wanataka kujua habari za baba yake na ile barabara. Akauliza kama wanataka zote. Nikamwambia zote, asifiche kitu. Akaanza kunisimulia, nikamzuia. Maneno yabaki mabichi mpaka Jumamosi.

Akili kama hii huzaliwa nayo mtu.

Jumamosi, 10 Agosti

Mkutano ulifanyika mbele ya mashine. Mindra alisema yeye ndiye anayelisha barabara nzima. Wakampigia makofi. Kisha mimi: ngome, adui, nishani. Makofi machache, lakini ya watu wazito. Nikamkalisha Shangazi kwenye kiti chenye mto, nikamwomba awaeleze kwa nini barabara ina kona.

Akasema, "Iko kona juu ya choo."

Kwa sababu ya choo! Nikafikiri hakusikia swali. Alisikia.

Alieleza taratibu. Zamani hapa palikuwa na kijia tu katikati ya mtama. Mama yake, yaani bibi yangu, alishikwa na uchungu, mtoto hatoki. Lori la kumpeleka hospitali lilipatikana, pa kupita hapakuwapo. Wanaume wakataka kufyeka moja kwa moja. Babu akakataa. Mstari ulipita juu ya choo chake kipya. Alisema askari haachi kituo chake.

Ndipo akatoka Mariam Poni, mwanamke aliyekuja kutoka Sudan na mtoto mgongoni, bila ndugu hapa. Alikuwa na shamba dogo la mihogo pembeni, tayari kuvunwa. Akashika jembe, akaita wanawake wenzake, wakazunguka choo na kupitisha njia katikati ya mihogo yake mwenyewe. Lori likaingia.

"Mama alifika hospitali mzima," Shangazi akasema. "Mtoto pia. Ndiye Umaru, baba ya huyu Latifu. Baba yangu hakumwambia Poni asante mpaka wote wawili wakafa. Mimi nimekuja kusema."

Santa akajifuta macho kwa leso. Mindra akavua kofia. Mama Viktoria alipouliza nani anataka Barabara ya Mariam Poni, Mindra alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Jalia aliinua yote miwili. Wangu ulibaki mapajani. Nikakohoa. Vumbi la unga, nadhani.

Baadaye nikamuuliza Shangazi kuhusu nishani. Ilikuwa kifungo cha koti.

Jumapili, 11 Agosti

Shangazi amerudi Koboko. Mindra amegeuza kibao chake na kuandika BARABARA YA MARIAM PONI upande wa pili. Herufi nzuri, lazima nikiri.

Jalia akaniambia nishukuru, maana bila yule mama na mihogo yake nisingekuwapo duniani. Nilikaa kwenye kona mchana kutwa nikiliwaza neno hilo.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeliwaza vya kutosha. Jalia amesema kweli, ila hakufika mwisho.

Mariam Poni alishika jembe kwa ajili ya nani? Lori lilimfuata nani? Marehemu baba yangu! Ameanzisha barabara akiwa tumboni. Sajini gani amewahi kufanya hivyo?

Nakwenda kwa Mama Viktoria sasa hivi. Sitaki makuu. Naomba kile kipande tu, kutoka kona hadi mlangoni kwetu.